Ziwa Mono: wananchi walioitafutia Los Angeles maji mengine

Habari nyingi za vikundi vya mazingira huishia mahakamani: jaji katoa hukumu, mawakili wamepigwa picha ngazini, vifijo, kwaheri. Kisa cha Ziwa Mono huko California nimekichagua kwa sababu kinaendelea pale vingine vinapokoma. Wananchi walishinda kesi mwaka 1983 dhidi ya jiji la Los Angeles, lililokuwa likichota maji ya vijito vya ziwa, tena katika mahakama ya juu kabisa ya jimbo, na hukumu ile haikulirudishia ziwa hata ndoo moja ya maji. Ilibidi wahangaike miaka 11 mingine, na sehemu kubwa ya mahangaiko hayo ilikuwa kazi ambayo wanaharakati wengi wangesema si yao: kumtafutia mshtakiwa maji mbadala, ili aliachie ziwa bila watu wake kukauka bomba. Nionavyo mimi, ziwa lilinusurika kwa hilo kuliko kwa hukumu. Na pale mambo yalipokwama mpaka leo, yamekwama kwa sababu ya namna ushindi wao wa mwisho ulivyoandikwa.

Ziwa lenyewe

Mono liko mashariki ya milima ya Sierra Nevada, jirani na hifadhi ya Yosemite, kando ya mji mdogo wa Lee Vining. Linalishwa na vijito vya theluji inayoyeyuka, na halina mto unaotoka. Maji yanaingia, jua linayachukua, chumvi inabaki. Hali imekuwa hiyo kwa zaidi ya miaka 700,000. Anayeijua Natron, Magadi au Bogoria hahitaji maelezo marefu. Ni maji ya magadi, yanateleza vidoleni kama sabuni, na chumvi yake ni mara mbili hadi tatu ya chumvi ya bahari.

Samaki hawaishi humo. Chakula chote cha ziwa kinapita kwa viumbe wawili: uduvi wa aina isiyopatikana kwingine duniani, na inzi. Huyo inzi anastahili maneno machache. Hujazana ufukweni kwa mamilioni, na mtu akipita wanainuka na kumpisha bila kumtua mwilini. Akitaka kula mwani au kutaga, hushuka kwa miguu hadi chini ya maji, akiung'ang'ania mwamba. Mwili wake umejaa vinyweleo vyenye nta vinavyonasa hewa, kwa hiyo huzama akiwa ndani ya povu linalong'aa, na akimaliza shughuli hujiachia na kuibuka mkavu. Mabuu yake yakishajifunga ndani ya vifuko, wenyeji wa asili wa bonde hilo, Wakutzadika'a, waliyakusanya, wakayaanika na kuyala. Ni chakula chenye mafuta na protini nyingi.

Uduvi na inzi hao ndio wanaowaleta ndege. Vibisi hufika kwa mamia ya maelfu kila vuli, na miaka mingine hupita milioni. Ndege wadogo jamii ya kitwitwi hunenepa hapo kabla ya kuruka hadi Amerika Kusini. Shakwe wa California huja kutaga, makumi ya maelfu, katika visiwa ambavyo mnyama mla mayai hawezi kuvifikia. Ni mpango uleule wa flamingo wa Natron, wanaolea makinda yao katikati ya matope ya magadi ambayo fisi hayawezi. Maji yakipungua, mpango huo huvunjika, na hicho ndicho kilichotokea.

Jiji lenye kiu

Los Angeles ilianza kuleta maji kutoka mbali mwaka 1913, kwa mfereji uliosimamiwa na mhandisi William Mulholland kutoka bonde la Owens. Ziwa Owens, lililokuwa mwisho wa mto ule, lilikauka katika miaka ya 1920 na kubaki uwanda wa vumbi la chumvi. Jiji likaendelea kukua na macho yakaelekea kaskazini zaidi. Likanunua ardhi na haki za maji, likatoboa handaki la kilomita kama 18 chini ya vilima vya volkano, na mwaka 1941 likaanza kuchepusha vijito vinne kati ya vitano vikubwa vinavyolilisha Ziwa Mono.

Yote hayo kwa kibali. Sheria ya maji ya California ilikuwa ya aliyetangulia kuchota: ukiomba kwanza, ukatumia kwa manufaa, haki ni yako. Na matumizi ya majumbani yaliwekwa juu ya matumizi mengine yote. Maofisa wa jimbo waliotoa kibali mwaka 1940 waliona kabisa kwamba bonde lile litaharibika. Wakaandika kwamba ni jambo la kusikitisha, ila ofisi yao haina la kufanya. Kauli hiyo ya kunawa mikono ikumbukwe, kwa sababu miaka 43 baadaye iliwatokea puani.

Mwaka 1941 uso wa ziwa ulikuwa futi 6,417 juu ya usawa wa bahari. Mfereji wa pili ulipokamilika mwaka 1970 uchotaji ukapamba moto, na kufikia 1982 ziwa lilikuwa limeshuka hadi futi 6,372. Hizo ni futi 45, karibu mita 14 kwenda chini. Nusu ya maji ilikuwa imekwenda na chumvi ilikuwa imeongezeka maradufu. Uduvi na inzi walitumia nguvu zao kupambana na chumvi badala ya kukua na kuzaana. Ardhi iliyoachwa wazi ikaanza kurusha vumbi la magadi ambalo upepo mkali uliligeuza kuwa miongoni mwa hewa chafu zaidi kwa vumbi nchini Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi kavu ikaunganika na kisiwa cha Negit. Koyote, mbwa-mwitu wa huko anayefanana na mbweha, wakavuka kwa miguu, na maelfu ya shakwe wakakihama kisiwa.

Wageni hufika Mono kupiga picha minara ya chokaa iliyosimama ufukweni, myeupe, mingine mirefu kuliko mtu. Minara hiyo hujengeka chini ya maji tu, pale chemchemi yenye kalisiamu inapokutana na maji ya ziwa yenye kaboneti. Kwa hiyo kila mnara unaouona nchi kavu unakuonyesha maji yalikuwa wapi. Uzuri unaopigwa picha ndio kovu lenyewe, na kikundi tunachokijadili kilijua kulitumia kovu hilo.

Kamati yaanza

Mwaka 1976 wanafunzi wachache wa vyuo vikuu vya California walipiga kambi kandokando ya ziwa, wakahesabu ndege, wakapima chumvi, wakafuatilia uduvi. Ripoti yao ilionyesha ziwa linakoelekea endapo uchotaji utaendelea vile vile. Mmoja wao, David Gaines, mtu wa ndege tangu ujana, hakuridhika na ripoti kukaa kabatini. Mwaka 1978 yeye, Sally Judy ambaye baadaye alikuwa mkewe, na wenzao wachache wakaanzisha Kamati ya Ziwa Mono.

Mali yao ilikuwa picha za slaidi. Walizunguka jimbo wakizionyesha kwa yeyote aliyekuwa tayari kukaa na kusikiliza: mashuleni, vilabu vya watazama ndege, kumbi za mitaa. Kisha wakabuni vituko vyenye maana. Kimoja kilikuwa matembezi ya ndoo: watu walichota maji katika kijito cha Lee Vining juu ya pale yanapochepushwa, wakayabeba mikononi na kuyamimina ziwani. Kingine kilikuwa msafara wa baiskeli. Waendesha baiskeli walichota maji kutoka dimbwi la mapambo lililoko mbele ya makao makuu ya Idara ya Maji na Umeme ya Los Angeles, wakayafunga katika vichupa na kupanda nayo kilomita zipatazo 560 hadi Mono. Vichupa hivyo visingeinua ziwa hata unywele mmoja. Ila jaribu kuwa msemaji wa idara ile siku hiyo, ueleze kwa nini maji ya ziwa linalokufa yanapamba mbele ya jengo lako.

Jambo moja katika siku hizo za mwanzo nalipa uzito kuliko matembezi na baiskeli. Kamati haikudai jiji liache kuchota kabisa. Ilisema kuna kiwango ambacho ziwa linapona na jiji halifi kiu, na kwamba tofauti ya maji inaweza kuzibwa kwa watu wa mjini kubana matumizi. Vikundi vingi huanza na dai la "yote au basi", na baadaye vikilegeza vinaonekana vimenunuliwa. Hawa walianza na dai wanaloweza kulisimamia hadi mwisho.

Kesi

Mwezi Mei 1979 kesi ikafunguliwa. Wadai walikuwa chama cha kitaifa cha ndege cha Audubon, Kamati yenyewe, Friends of the Earth na wengine, pamoja na wamiliki ardhi wachache wa bonde. Mawakili wa kampuni kubwa ya San Francisco walikubali kuibeba bila malipo. Wakutzadika'a, ambao mababu zao waliishi kwa ziwa lile, hawakuwa miongoni mwa wadai. Hata kutambuliwa rasmi na serikali ya Marekani walikuwa wanakudai, na wamekuwa wakikudai miaka yote hii. Hilo ni doa katika kisa ambacho vinginevyo kinapendeza kusimulia.

Hoja ya wadai ilikuwa ya kale: amana ya umma. Mizizi yake iko katika sheria ya Kirumi, kwamba vitu kama bahari na mito havimilikiwi na mtu, na mtawala anavishika kwa niaba ya watu wote. Mahakama za Marekani zilikuwa zimeitumia zaidi kwa njia za meli na fukwe. Swali jipya likawa: je, amana hiyo inaweza kumfuata mtu ambaye tayari ana kibali halali cha maji, na amekitumia miaka 40?

Tarehe 17 Februari 1983 Mahakama ya Juu ya California ilijibu kwamba inaweza. Jaji Allen Broussard, aliyeandika hukumu, alisema jimbo lina wajibu usiokoma wa kuisimamia amana hiyo, na linaweza kuurudia uamuzi wa zamani hata kama kibali kilishatolewa. Akaongeza kwamba matumizi ya ziwa yanayolindwa na amana hiyo yasiangamizwe kwa sababu tu jimbo lilidhani, kimakosa, kwamba halina uwezo wa kuyalinda. Ile kauli ya maofisa wa 1940 ikawa imejibiwa.

Msomaji wa Kenya atalisikia hilo kwa sikio la nyumbani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi ya maji taka ya Kiserian, ilitegemea wazo hilohilo la amana ya umma, na Katiba ya 2010 katika ibara ya 62 imeyaweka maziwa na mito katika ardhi ya umma inayoshikwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo silaha yenyewe haijatupiga chenga. Tatizo ni kudhani kwamba silaha ndiyo vita.

Maana tazama hukumu ile ilichokiacha. Haikuliamuru jiji lifunge hata lango moja. Ilisema maji ya jiji na ziwa vyote vizingatiwe, na amana ilindwe kila inapowezekana. "Inapowezekana" ni neno pana. Idara ya maji ilikuwa na mawakili, wahandisi na subira ya taasisi isiyo na haraka. Ingeweza kubishana juu ya neno hilo mpaka ziwa likauke.

Trauti wakafika kwanza

Maji ya kwanza hayakuletwa na falsafa ya Kirumi. Yaliletwa na samaki.

Msimu wa baridi wa 1982 na 1983 theluji ilikuwa nyingi kupita kiasi. Bwawa la Grant, linaloshikilia Kijito cha Rush, likafurika, na maji yakateremka kwenye mkondo ambao ulikuwa mkavu kwa miaka. Yakaja na trauti. Jiji lilipotaka kuufunga mkondo tena mwaka 1984, wavuvi wa ndoano wakakimbilia mahakamani. Hawakuhitaji hoja za amana. Walishika kifungu kifupi cha sheria ya uvuvi ya mwaka 1937: mwenye bwawa lazima aachie maji ya kutosha kuwaweka hai samaki walioko chini ya bwawa lake. Mahakama ikaamuru maji yaendelee kutiririka. Kesi nyingine za wavuvi zikafuata, na mwaka 1989 na 1990 mahakama ya rufaa ikasema leseni za jiji zilitolewa bila kufuata sheria hiyo. Mwaka huohuo wa 1989 jaji mwingine akazuia uchotaji ili ziwa lisishuke chini ya futi 6,377 wakati kesi inaendelea.

Hapa pana funzo kwa mawakili wetu wanaopenda kuanza na katiba. Kifungu kikavu cha sheria ndogo, chenye neno "lazima" badala ya "inapowezekana", kilifungua mabomba ambayo hoja kubwa ilikuwa bado inayagongea. Kamati, kwa sifa yake, haikuona wivu. Ilijiunga na wavuvi, watu ambao kabla ya hapo walikuwa na shauku ndogo sana na inzi wa magadi.

Januari 1988 David Gaines alifariki katika ajali ya gari wakati wa dhoruba ya theluji, akiwa na umri wa miaka 40. Vikundi vingi vya namna hii humfuata mwanzilishi wake kaburini. Kamati haikumfuata, kwa sababu tangu 1984 ilikuwa na mkurugenzi mtendaji, Martha Davis, aliyeendesha kazi kutoka upande wa pili kabisa wa mfereji: Los Angeles kwenyewe.

Kazi ya mjini

Uamuzi wa kuweka ofisi katika eneo la mshtakiwa naona ndio kiini cha kisa hiki.

Hoja ya Davis ilikuwa rahisi kuisema na ngumu kuitekeleza. Maji ya Mono yalikuwa kama moja ya sita ya maji ya jiji, safi, yanashuka yenyewe kwa mteremko na kuzalisha umeme njiani. Hakuna idara itakayoyaachia kwa kuonewa haya. Itayaachia ikipata mengine. Na hayo mengine yasitoke katika mto wa mtu mwingine: ukiliponya Mono kwa kuchota zaidi katika delta ya Sacramento au Mto Colorado, umehamisha msiba tu. Kwa hiyo yalipaswa kutoka ndani ya jiji: kubana matumizi, na kusafisha maji taka ili yatumike tena.

Kamati ikaenda kwa wabunge. Mwaka 1989 bunge la California likapitisha sheria iliyotenga dola milioni 60 kuisaidia Los Angeles kutengeneza vyanzo mbadala, kwa sharti kwamba jiji na Kamati wakubaliane juu ya miradi. Pesa ikiwa mezani, mpini ukiwa umeshikwa na wawili, danadana ziliendelea hadi mwisho wa 1993 ndipo wakaafikiana. Mwaka 1992 bunge la taifa nalo likaidhinisha fedha za miradi ya kusafisha maji kusini mwa California.

Huko mitaani palikuwa na jambo la kuvutia zaidi. Choo cha zamani cha Marekani kilimwaga lita 20 na zaidi kila kikivutwa. Kipya kilitumia lita zipatazo 6. Jiji lilikuwa tayari kulipia kila choo kitakachobadilishwa, ila nani atagonga milango? Mashariki mwa Los Angeles, katika mitaa ya watu wa asili ya Mexico, kulikuwa na akina mama waliokwisha kujizolea sifa kwa kukataa gereza lisijengwe mtaani kwao. Kundi lao mojawapo, Akina Mama wa Los Angeles Mashariki wa Santa Isabel, likaichukua kazi. Walivigawa vyoo bure, wakaajiri watu wa mtaani kwao kuendesha mpango, na kipato kilichobaki kikaingia katika chanjo za watoto na ada za wanafunzi. Kamati iliwaunga mkono, kisha ikaanza kuwachukua vijana wa mitaa ile kwenda kuliona ziwa lenyewe.

Fikiria jinsi hilo lilivyogeuza mabishano. Siku za nyuma idara ya maji ingeweza kusema, na ilisema, kwamba wapenda ndege wa milimani wanataka familia maskini za mjini zilipe bili kubwa ili shakwe wastarehe. Sasa familia hizohizo zilikuwa zinalitetea ziwa, na zilikuwa na ajira kutokana nalo. Hoja ya "watu au ndege" ikakosa pa kusimama.

Inawezekana mtu akapinga: mbona vyoo na miradi ya bunge havikumlazimisha yeyote? Ni kweli. Bila amri za mahakama jiji lisingeketi mezani. Lakini amri peke yake ingelifanya jiji lipigane hadi rufaa ya mwisho, na baada ya kushindwa lirudi na hila nyingine. Maji mbadala yaliwapa madiwani wa Los Angeles namna ya kukubali bila kuonekana wameshindwa.

Uamuzi 1631

Tarehe 28 Septemba 1994 bodi ya maji ya jimbo, baada ya vikao virefu vya ushahidi, ilitoa uamuzi unaojulikana kwa namba yake, 1631. Ziwa lirudishwe hadi futi 6,392: futi 20 juu ya pale lilipokuwa mwaka 1982, futi 25 chini ya 1941. Kiwango hicho kilichaguliwa kwa kuangalia vumbi, chumvi na visiwa vya shakwe kwa pamoja. Vijito viachiwe maji ya kudumu, na vikarabatiwe. Jiji halikukata rufaa.

Uchotaji ulipangwa kwa ngazi. Ziwa likiwa chini ya futi 6,377, jiji halichoti kitu. Kati ya hapo na futi 6,380, linachota kama mita za ujazo milioni 5.5 kwa mwaka. Likivuka 6,380 hadi 6,391, linachota takriban milioni 20. Katika miaka ya 1970 na 1980, kabla ya amri za mahakama kulibana, lilikuwa likichota wastani wa zaidi ya milioni 100. Ni punguzo kubwa, na Los Angeles haikuanguka. Wakazi wake wameongezeka kama milioni moja tangu 1970, na jumla ya maji wanayotumia haijapanda.

Ukarabati wa vijito nautaja kwa kifupi kwa kuwa ndio ulioenda vizuri zaidi. Mikondo ya zamani ilifunguliwa, maji yakaachiwa kwa kupanda na kushuka kwa kuiga misimu ya theluji badala ya mtiririko wa bomba, na miti ya mito ikaota tena kando ya Rush na Lee Vining.

Ngazi yenye kasoro

Bodi ilitarajia ziwa lifike futi 6,392 katika miaka kama 20. Miaka 30 imepita na halijafika.

Ukame mkali wa 2012 hadi 2016 ulilishusha vibaya. Daraja la nchi kavu likaelekea kujitokeza tena, na mwaka 2017 ikabidi uwekwe uzio wa muda wa umeme kuwazuia koyote wasiwafikie shakwe. Jiji linasema sababu ni mvua na joto, kwamba lenyewe lilishapunguza uchotaji kwa sehemu kubwa mno. Kamati inajibu kwamba hali ya hewa ni kweli, ila uchotaji unaoendelea ndio unaokula akiba ambayo miaka ya theluji nyingi huileta.

Mimi naiona kasoro katika ngazi zenyewe. Kati ya futi 6,380 na 6,391 kiasi cha jiji ni kilekile. Ziwa likiwa limepona karibu kabisa, au likiwa limeivuka 6,380 kwa inchi mbili tu baada ya ukame, jiji linachota sawasawa. Hakuna kinachouliza: je, tunaelekea juu au chini? Wale waliouandika uamuzi wa 1631 waliweka kipengele cha kurudi mezani iwapo lengo halijatimia, na tarehe ya kufanya hivyo ilisogezwa hadi 2020. Lakini kurudi mezani kunahitaji mtu wa kuita kikao, ushahidi mpya, na subira ileile ya miaka ya 1980. Waliweka lengo kwa namba na hawakuweka adhabu ya kulikosa. Ukiwahi kuandika makubaliano na halmashauri kuhusu chanzo cha maji, unajua ni kipengele gani hasa upande wa pili hukubali upesi.

Mwishoni mwa 2022 Kamati iliiomba bodi isimamishe uchotaji kwa dharura. Februari 2023 kikao cha hadhara kikafanyika. Wakati huohuo milima ilikuwa inapokea theluji nyingi isiyo ya kawaida, na katika mwaka huo ziwa likapanda futi zipatazo tano. Shakwe wakapata nafuu, na pamoja na nafuu hiyo neno "dharura" likapoteza makali yake.

Kila tarehe 1 Aprili kipimo cha ziwa husomwa, na namba ya siku hiyo ndiyo inayoamua jiji litachota kiasi gani kwa mwaka mzima. Dai la Kamati kwa sasa si kubwa kama lile la 1979. Inataka ngazi za uchotaji ziandikwe upya ili ziwa liweze kufikia lengo. Idara ya maji inataka ngazi zibaki zilivyo, na uamuzi uko kwa bodi ileile iliyoziandika.